COBOL inapita majaribio, inaanguka usiku: anza na ripoti ya RPTOPTS

Jobu ni ile ile, moduli ile ile. Kwenye majaribio inamaliza vizuri na RC=0 (hakuna kosa), ikihamia mashine ya kazi inaanguka kwa S0C4 (kosa la kugusa kumbukumbu isiyo yake). Kabla hujafungua msimbo, linganisha chaguo za uendeshaji za Language Environment (sehemu ya z/OS, mfumo wa mainframe, inayoendesha programu) pande zote mbili. Mimi sikufanya hivyo, nikapoteza siku mbili nikisoma COBOL ambayo hakuna aliyeigusa.

Kwanza, upande wa majaribio, ongeza haya kwenye hatua ya jobu inayoita programu; RPTOPTS huchapisha chaguo zinazotumika:

//CEEOPTS DD *
 RPTOPTS(ON)
/*

Njia hii ipo tangu z/OS 1.7 na haihitaji kukompaili upya. Ripoti hutoka SYSOUT, ila kama MSGFILE (chaguo la mahali ujumbe unapoandikwa) imeelekezwa kwingine.

Pili, tazama safu ya LAST WHERE SET. Hapo ndipo penye habari. "Installation default" ni mpangilio wa wasimamizi wa mfumo, "Invocation command" imetoka kwenye PARM (maneno yanayopitishwa programu inapoitwa), "DD:CEEOPTS" ni wewe. Umeandika chaguo na safu bado inasema "Installation default"? Basi halikusomwa, anza kukagua tahajia.

Tatu, programu iliyoanguka haikupi ripoti hiyo. Upande huo andika TERMTHDACT(DUMP), kisha tafuta orodha ya chaguo ndani ya CEEDUMP (taarifa inayoandikwa programu ikianguka).

Nne, weka orodha mbili sambamba. Kwangu HEAP na STACK (chaguo za mgao wa kumbukumbu) zilifanana. Tofauti ilikuwa STORAGE, inayoamua kumbukumbu mpya ijazwe nini: majaribio 00, mashine ya kazi NONE. Kihesabio chetu, PIC S9(8) COMP (namba ya binari), hakikuwa na VALUE (thamani ya kuanzia). Kwenye majaribio kilipewa sufuri ya bure. Kule kwingine kilirithi takataka, kikatumika kama faharasa ya jedwali, programu ikagusa kumbukumbu isiyo yake.

Dawa ni VALUE ZERO. STORAGE(00) inaokoa usiku mmoja, lakini kusafisha kumbukumbu kila inapogawiwa kunakula CPU, na kosa linabaki limelala.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimewasha STORAGE(00) lakini sasa napata S0C7 (kosa la namba isiyo halali). Mbona?
Jibu: Huenda una COMP-3 (namba ya desimali iliyofungashwa) isiyo na VALUE. Sufuri tupu za baiti ni namba halali kwa COMP, ila COMP-3 inadai alama ya chanya au hasi katika nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho, na 0 si alama hiyo. Ukianza hesabu, inakataa.

Swali: Naweza kutumia PARM badala ya CEEOPTS?
Jibu: Ndiyo, ila chunga mkwaju (/). Kwa COBOL, CBLOPTS (chaguo la mpangilio wa PARM) ikiwa ON, data ya programu hutangulia:
PARM='20240131/RPTOPTS(ON)'
Kwa C na PL/I ni kinyume, chaguo kwanza. Ukisahau mkwaju kwenye COBOL, programu itapokea maneno yako kama tarehe. PARM pia ina kikomo cha herufi 100.

Swali: Kwetu ni CICS (mfumo wa miamala ya papo hapo). CEEOPTS haileti kitu.
Jibu: CICS haiisomi kabisa. Tumia muamala wa CLER kutazama chaguo za eneo lenu, au unganisha CEEUOPT (moduli ya chaguo zako) na programu yenyewe.