Tashkent: pilau huliwa mchana

Ukipita Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, usiiache pilau hadi jioni. Wenyeji huila mchana. Huanza kupikwa asubuhi, na alasiri ikiingia mahali pengi utakuta ukoko. Nenda Besh Qozon, mkahawa wa pilau karibu na mnara wa televisheni, kati ya saa tano na saa saba. Kabla ya kukaa, pita kwenye majiko uone yale masufuria: mtoto anaweza kuogea ndani. Karoti za manjano zimekatwa vijiti, kuna dengu na zabibu kavu, na mafuta hayajaonewa huruma. Usitafute mdalasini wala iliki. Inayonukia ni binzari nyembamba.

Vile vipande vyembamba vyekundu-kahawia juu ya sahani ni soseji ya nyama ya farasi, qazi. Kama huitaki, sema mapema. Agiza pamoja na achichuk, kachumbari ya nyanya na vitunguu, na chai ya kijani. Soda baridi juu ya mafuta yale, mimi siishauri.

Umechelewa? Soko la Chorsu lina mishkaki, na somsa, binamu wa sambusa, hubandikwa ukutani mwa tanuri. Ile ya moto ina mchuzi ndani, ing'ate taratibu.