Umefika ukurasa wa ngapi? Namna ya kukaa na watu na kuambiana mnachosoma

Ukitaka kujua majirani zako wanasoma nini, usiwaulize kitabu gani ni kizuri. Swali hilo humfanya mtu ajione yuko mbele ya mtahini, basi atakutajia kitabu alichosoma sekondari, au atasema hana muda. Muulize hivi: "Hivi sasa unasoma nini, na umefika wapi?" Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga. Kwa swali hilo ndipo nilipojua kwamba fundi viatu anayekaa barazani kwangu yuko katikati ya riwaya ya upelelezi, kwamba mama muuza mihogo anarudia tafsiri ya Kurani sura baada ya sura, na kwamba kijana wa bodaboda anasoma kitabu cha ufugaji wa kuku kwenye simu kila akisubiri abiria. Kila mmoja alidhani mtaani ni yeye tu anayesoma.

Tukaanza kukutana Jumamosi, baada ya Alasiri, uani kwangu. Naeleza tunavyofanya kwa sababu wapo wanaotamani jambo hili na wamekwama wakisubiri ukumbi, mfadhili na mwenyekiti. Havihitajiki. Mkeka mkubwa, chai ya rangi na watu watano wanatosha. Wakizidi kumi, gawaneni, maana mtu wa mwisho atakuja kusema jua limekwisha kuzama na kila mtu anawaza kwake.

Kila mtu aje na kitabu ambacho hajakimaliza

Hili ndilo sharti letu kubwa na nalishikilia. Mtu aliyemaliza kitabu hukisimulia kama alivyofundishwa darasani: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Ukimsikiliza unaona kabisa kwamba kimeshamtoka moyoni. Aliye katikati bado ana hasira na fulani, anamwonea huruma fulani, ana hofu ya kurasa zinazokuja. Hayo ndiyo watu wanapenda kuyasikia, na hayo ndiyo humfanya mwingine aseme, "Ukimaliza niazime."

Dada mmoja alikuja na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi akiwa bado mwanzoni kabisa, pale Yasmin anapoozwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa. Akasema, "Mimi nataka huyu binti aondoke, lakini naogopa, atakwenda kwa nani?" Basi yakafunguka mazungumzo ambayo sikuyatarajia. Bibi mmoja akaeleza ndoa za wakati wao zilivyofungwa. Mwingine akasema wazi kwamba yeye hakuwa na pa kwenda. Angekuja amekwisha kumaliza, angetuambia riwaya inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950 na harakati za kudai uhuru, nayo ni kweli, na sisi tungeitikia tu kwa vichwa.

Sharti hilo lina mwenzake: aliyewahi kukisoma kitabu cha mwenzake anyamaze kuhusu yaliyo mbele. Asikonyeze, asicheke, asiseme "subiri utaona". Kwa vitabu vya upelelezi hili ni la lazima. Fundi viatu alipokuwa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, alikuwa akitutajia kila Jumamosi anayemshuku kwa kifo cha Bwana Ali, na kila Jumamosi alikuwa na mtu mpya. Wawili kati yetu tulikuwa tunajua. Tulimsikiliza kwa nyuso kavu, tukamuuliza kwa nini amemwacha yule wa wiki iliyopita. Kumwacha msomaji ahangaike pamoja na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, mpaka mwisho ni heshima kwake na kwa mwandishi aliyejikalifu kuificha siri ile.

Maswali ya kumsaidia anayesita

Wapo wanaoingia wakasema jina la kitabu wakanyamaza. Usimwambie "endelea, eleza zaidi", atazidi kujikunja. Muulize umefika wapi, kisha muulize sasa hivi yupo na nani humo ndani na wako mahali gani. Ataanza kueleza chumba, njia, bahari, watu, na kabla hajajua atakuwa anasimulia. Kisha muulize ni kitu gani kimemkera au kimemzuia kulala. Kwa kitabu kisicho hadithi, muulize ni jambo gani amelijaribu tayari. Kijana wa bodaboda alitueleza namna ya kuwapasha joto vifaranga wiki za mwanzo, na mama mmoja aliyekuwa akipoteza vifaranga kila mara alikuwa akiandika kila neno.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: "Kati ya tuliokaa hapa, kitabu hiki ungempa nani?" Mtu akijibu lazima atazame nyuso, awaze ya kila mmoja, aseme na sababu. Nimeona watu wakinyooshewa kidole na kuambiwa, "Wewe, kwa sababu wewe huwa unasema ukweli hata ukikuumiza." Aliyeambiwa hivyo lazima atakisoma kitabu.

Dakika tano kwa mtu zinatosha. Mmoja ashike saa, na awe mtu ambaye wengine hawaoni tabu kukatizwa naye.

Kwetu heshima inataka mkubwa aanze. Mimi naomba ruhusa ya wazee tuanze na mdogo, na wanakubali nikiwaeleza sababu: mzee akishasema, vijana wote hufuata alikoelekea. Binti wa kidato cha tatu alikuja na Takadini, kitabu chake cha mtihani kinachomhusu mtoto aliyezaliwa na ualbino, akaanza kusoma majibu ya daftari la shule. Nikamwomba afunge daftari, nikamuuliza: Sekai kumchukua mwanawe na kutoroka naye usiku, wewe ungethubutu? Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema asingethubutu, na hilo linamtisha, maana Takadini angeuawa kwa ngozi yake tu. Babu yake alikuwapo. Angesema yeye kwanza, jibu hilo tusingelisikia.

Msome kwa sauti

Kila mtu achague aya moja, aitie alama ya kipande cha karatasi usiku wa kuamkia siku hiyo, aisome. Aya moja, zisizidi mbili. Mtu akianza kutafuta aya pale mkekani, dakika tano zake zinaishia kwenye kufunuafunua.

Msikilizaji akiisikia lugha ya mwandishi anajua papo hapo kama itampendeza, jambo ambalo maelezo hayawezi kumpa. Sisi wa Tanga tuna haki ya kujivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na watoto wetu wanalijua jina lake kwa kuwa lipo kwenye shule na mitaa. Lakini wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. Mzee mmoja alipokuwa anasoma Kusadikika alitusomea mahali Karama anaposimama barazani kujitetea kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Sentensi zile ni ndefu, zimepimwa, na ukizisoma kimyakimya unaweza kuchoka. Zikisomwa kwa sauti zinasimama zenyewe. Siku ile watatu waliomba nakala.

Mashairi na tenzi zighaniwe. Bibi yetu mwenye asili ya Lamu anapoghani beti za Mwana Kupona, mshairi aliyemtungia bintiye wosia wa maisha ya ndoa karibu na mwaka 1858, hata watoto wanaocheza nje huingia. Tunayo maneno makali na Mwana Kupona kuhusu mke na mume, hasa vijana wanayo, na bibi huyajibu. Lakini kwanza huachwa amalize kughani.

Usipange vitabu kwa vyeo

Baraza za namna hii nyingi huvunjika kwa dharau. Atakuja mmoja na Kezilahabi, tuseme Nagona, kitabu chembamba kinachomtoa mtu jasho, na mwingine aliye na riwaya ya Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, akaficha kitabu chini ya kanga. Mwenye nyumba ndiye wa kuzuia hilo. Mimi humwita mwenye Willy Gamba azungumze kabla, na namuuliza kwa uzito uleule. Riwaya za upelelezi zimewafundisha watu wengi wa nchi hii kusoma mpaka ukurasa wa mwisho, na mtu anayekesha na kitabu ni msomaji kamili.

Vilevile kitabu cha dini, cha kilimo, cha mtihani, cha kwenye simu, cha watoto ambacho mama anamsomea mwanawe: vyote vinahesabika. Na aliyekuja bila kitabu asiulizwe kwa nini. Aketi, asikilize, achukue kimoja mkekani akiondoka.

Kuacha kitabu kunaruhusiwa pia. Tunaomba tu mtu aseme ameachia wapi na kimemshinda nini. Mara nyingi mwingine atasema naye aliachia hapohapo, na mwingine atasema alipita pale kwa shida ila baada ya sura moja mambo yakafunguka. Hayo yamewarudisha wengi kitabuni.

Daftari moja, la kila kitu

Nunua daftari gumu, la kaunta. Andika tarehe, jina la msomaji, kitabu, mwandishi na ukurasa aliofika. Mkikutana tena, unasoma kwa sauti: "Wiki iliyopita ulikuwa ukurasa wa 40." Usiseme kwa kumsuta. Mtu hufurahi kwamba kuna aliyekumbuka. Anayekwenda kurasa sita kwa wiki na anayemaliza vitabu viwili huandikwa kwenye mstari uleule.

Nyuma ya daftari andika vya kuazimana: kitabu cha nani, kimechukuliwa na nani, lini. Mwenye kitabu aandike jina lake ndani ya jalada kabla hakijatoka mkononi mwake, na kivikwe nailoni, kwa sababu hapa pwani unyevu hula karatasi na chai humwagika. Kitabu kisipitishwe kwa mtu wa tatu bila kurudi kwa mwenyewe kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vya Kiswahili vingi vikishaisha dukani hukaa miaka bila kuchapwa tena. Kikipotea kimoja, huenda kimepotea kwa mtaa mzima.

Wala msikitoe kopi kitabu kizima. Najua fedha ni shida. Lakini mwandishi wa Kiswahili hapati kikubwa kwa nakala moja, na tukimnyima hicho kidogo ataacha kuandika, au ataandikia lugha nyingine. Changeni. Sisi tulichanga tukaagiza Dar es Salaam nakala moja ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikazunguka kwa zamu. Habari ya Mzanzibari kupata Nobeli mwaka 2021 kila mtu alikuwa nayo. Kitabu chenyewe kwa Kiswahili wengi hawakujua kipo. Kwa vingine, anzeni na maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani, na ada ya uanachama si kitu cha kumtisha mtu. Wauza vitabu vilivyotumika nao msiwapite. Mwachie muuzaji orodha yenu, akikipata kitabu atawapigia.

Walio mbali

Wamo wenzetu waliohamia, mmoja yuko Muscat. Yeye hutuma picha ya jalada na sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp kabla ya Jumamosi, nasi tunaisikiliza mkekani zamu yake ikifika, kisha tunamjibu kwa sauti zetu. Kundi lenyewe lina kanuni kali: kinachotumwa humo ni kitabu unachosoma, basi. Dua, matangazo ya viwanja na habari za kuungaunga zina makundi yake. Ukilegeza hapo mara moja, baada ya mwezi hakuna atakayeona kitabu katikati ya vurugu.

Ramadhani ikiingia, hamishieni baada ya Tarawehe au simamisheni kabisa, kisha mwanze na mfungo mosi. Msimu wa mitihani msiwalazimishe wanafunzi. Mvua za masika zikianza, tafuteni mwenye sebule.

Kama hujui uanzie wapi, anza na kuweka kitabu chako mahali watu wanakiona. Mimi changu hukaa juu ya meza ya cherehani, na wateja wanaosubiri kupimwa hukishika wenyewe. Ukishapata wawili waliokuambia wanachosoma, watumie ujumbe. Wangu huwa hivi, unaweza kuuchukua kama ulivyo: "Assalamu alaikum. Jumamosi baada ya Alasiri karibu nyumbani na kitabu unachokisoma sasa, hata kama uko ukurasa wa tatu. Tia alama aya moja utusomee. Kama huna kitabu, njoo hivyohivyo, utavikuta mkekani. Chai ipo, mwenye kashata aje nazo."