Jinsi ya kuomba nyumba ya serikali Boma Yangu mpaka mwisho, usiishie kwa kujisajili

Kuna watu wengi sana wako Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya Kenya ya kuombea nyumba za bei nafuu, na hawajawahi kuomba nyumba hata siku moja, na hawajui. Wanadhani wameomba. Shangazi yangu anauza mboga mtaa wa Mukuru, Nairobi, alijisajili kitambo pale saiba (duka la intaneti), akalipa mia mbili za huduma, akapewa karatasi imechapishwa jina lake, akaiweka kabatini pamoja na kadi za kliniki za watoto akaanza kungoja kuitwa. Mei 2025 zile nyumba za kwanza 1,080 za Mukuru zikapeanwa, watu wakaanza kuonekana na magodoro na masufuria wanahama, na yeye simu yake kimya. Siku tuliyokaa chini tukafungua akaunti tukapata profaili iko nusu, akiba ni sufuri, mradi wowote hajachagua, na namba ya simu iliyowekwa sio yake, ni ya yule kijana wa saiba. Kwa hivyo hata ujumbe ungekuja ungeenda kwa kijana. Iliniuma sana, ndio nimeamua kuandika hii yote hatua kwa hatua.

Kabla hujaanza, elewa kitu kimoja. Ile asilimia 1.5 inayokatwa kwa mshahara wako, na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine, ni ushuru, sio akiba yako. Ukilipwa 50,000 unakatwa 750 na mwajiri anatoa 750, zinaenda kwa mfuko wa kujenga nyumba. Mahakama Kuu iliikataa sheria ya kwanza ya ushuru huu Novemba 2023, halafu ikaja sheria mpya ya nyumba za bei nafuu iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, na hii inagusa hata wenye biashara, sio walioajiriwa peke yao. Sasa mtu anasema mimi nimekatwa miaka miwili nyumba yangu iko, hapana, kukatwa hakukuweki kwa foleni yoyote. Foleni unaingia mwenyewe.

Kwanza tengeneza eCitizen yako, yaani akaunti ya huduma za serikali mtandaoni, kwa namba yako ya kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, sio ya bwana, sio ya mtoto. Kama unaenda saiba kwa sababu simu yako ni ya kubonyeza, sawa, lakini kaa hapo kando yake uangalie namba anayoandika, na ile namba ya siri (code) inayotumwa iingie kwa simu iliyo mkononi mwako. Paswadi andika mahali. Pia hakikisha una PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi) na jina kwa PIN linafanana na jina kwa kitambulisho, kama uliolewa ukabadilisha jina upande mmoja tu, rekebisha hiyo kwanza, manake itakusumbua huko mbele wakati wa mkataba.

Halafu ingia Boma Yangu ujaze profaili yote. Hapa ndio wengi huchoka. Wanaulizwa kazi, kipato, familia, kaunti wanayotaka, wanajaza viwili vitatu wanatoka. Jaza yote. Na kwa kipato usidanganye, wala kwa kuongeza wala kwa kupunguza, kwa sababu sheria imepanga watu kulingana na pesa wanayopata kwa mwezi: chini ya 20,000 unaangukia nyumba za kijamii, kati ya 20,000 na 149,000 ndio hizi zinaitwa za bei nafuu, na juu ya 149,000 kuna zake. Ukijiweka kundi ambalo sio lako utaonyeshwa nyumba ambazo huwezi kulipa ama ambazo hustahili. Shangazi aliniuliza sasa mimi payslipu nitatoa wapi, na ni swali la haki kabisa. Tulichofanya ni kutoa stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita tukaihifadhi pamoja na picha ya kitambulisho na PIN, ili akiulizwa kipato kimetoka wapi awe na kitu cha kuonyesha.

Sasa akiba. Ndani ya akaunti kuna mahali pa kuweka pesa kidogo kidogo kuelekea ile dipoziti. Mimi nakushauri uchukulie asilimia 10 ya bei ndio unayotafuta, halafu uangalie kiwango ambacho mradi wako wenyewe unaonyesha. Kwa mfano Mukuru bedsita (chumba kimoja cha kila kitu) ya mita za mraba 20 ilikuwa 640,000, ya chumba kimoja cha kulala 960,000, ya vyumba viwili 1,280,000. Asilimia 10 ya bedsita ni 64,000. Kwa mama mboga hiyo ni pesa nyingi, tusidanganyane, ukiweka 2,000 kila mwezi ni miezi 32. Ndio maana nasema anza leo na mia mia zako, kwa sababu mradi ukifunguliwa mtaani kwenu na akiba iko sufuri utaangalia tu majirani wakihama.

Hatua ambayo shangazi hakuwahi kufika ni hii: kuchagua mradi na nyumba yenyewe na kubonyeza ombi. Hapo ndio umeomba. Angalia miradi iliyo wazi kwa kaunti yako, soma bei, soma ukubwa. Mita za mraba 20 ni kama mita nne kwa tano, na humo ndani kuna jiko na choo, kwa hivyo chukua tepu upime sakafu unayolala saa hii uone familia yako itaenea ama haitaenea. Watu wa watoto wanne wameomba bedsita kwa sababu ya bei tu. Kama unaweza nenda site uione kwa macho, uliza maji yanatoka wapi, matatu iko umbali gani na shule iko wapi.

Ukishaomba, ingia kwa akaunti kila wiki, usingoje kupigiwa. Ukigawiwa utapata barua ya ugawaji na muda wa kumalizia dipoziti, ukichelewa inaweza kwenda kwa mwingine. Na kujisajili ni bure. Mtu akikuambia ana mtu wake huko ndani, umtumie elfu tano jina lisukumwe, huyo ni tapeli, block yeye mara moja. Pesa yoyote ya nyumba ianzie ndani ya akaunti yako, isiende kwa namba ya mtu.

Mkataba usiusaini kwa haraka. Uliza unalipa ngapi kwa mwezi na kwa miaka mingapi, ada ya usafi na ulinzi ni ngapi na iko nje ya hiyo ama ndani, na ukikwama miezi miwili mitatu nini kinatokea. Wengi hawajui kwamba huwezi kuuza hiyo nyumba bila idhini ya maandishi kutoka kwa Bodi ya nyumba za bei nafuu, kwa hivyo kama mpango wako ni kununua uuze mwaka ujao, achia mwenye shida ya mahali pa kulala.

Shangazi tumebadilisha namba ya simu, profaili imejaa, na juzi amenitumia picha ya skrini ya akiba, ameweka 500 ya kwanza. Anauliza kama mia mbili za kila Jumamosi zitakubaliwa. Nimemwambia aweke.