Somo: Kuonja tekila iliyozeeshwa na kupima kama inastahili bei yake

Chupa ya tekila ya bei kubwa huuza vitu vitatu kwa pamoja: agave (mmea unaotengenezewa tekila), pipa na chupa yenyewe. Kuionja vizuri ni kuvitenganisha hivyo vitatu. Swali la kujiuliza tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: baada ya miaka yote ndani ya pipa la mwaloni, ladha ya agave bado inasikika?

Soma lebo kabla ya kufungua

Tafuta maneno "100% de agave". Yasipokuwepo, hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa huenda ilitoka kwingine, mara nyingi kwenye miwa, na hapo hakuna haja ya kujadili bei kubwa. Agave inayokubalika ni ya buluu pekee, ndugu wa mkonge, na tekila lazima itoke Jalisco au katika baadhi ya manispaa za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas nchini Meksiko.

Halafu angalia daraja. Reposado imekaa kwenye mwaloni angalau miezi 2, añejo angalau mwaka 1, na extra añejo, daraja lililoongezwa mwaka 2006, angalau miaka 3. Kwa madaraja hayo mawili ya juu pipa haliruhusiwi kuzidi lita 600. Wengi hutumia ya lita 200 hivi yaliyowahi kuhifadhi wiski ya bourbon. Pipa likiwa dogo, kila lita hugusa mbao nyingi zaidi, ndiyo maana hukolea haraka.

Mwisho, namba ya NOM yenye tarakimu nne. Hiyo ni ya kiwanda, si ya chapa. Itakusaidia kuipata blanco, yaani tekila isiyozeeshwa, ya kiwanda hicho hicho, na bila blanco ya kulinganisha nayo utakuwa unakisia tu.

Hatua za kuonja

1. Saa moja kabla, usinywe kahawa, usile pilipili, usipige mswaki wala kujipulizia marashi. Sampuli zisizidi tatu kwa kikao. Anza na blanco, malizia na kongwe kuliko zote.

2. Tumia bilauri yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Mimina mililita 25, ikiwa na nyuzi joto 18 hadi 22, uiache dakika 10 hadi 15. Vile vibilauri vya kugugumia kwa mkupuo havina nafasi ya kukusanya harufu. Chumvi na ndimu viweke mbali, kazi yake ni kuficha.

3. Tazama rangi, lakini usiiamini: huenda imetokana na karameli iliyoongezwa.

4. Nusa, ukiwa umefumbua mdomo kidogo ili alkoholi isikuchome. Anzia juu ya ukingo, ushuke polepole, kisha inamisha bilauri unuse ukingo wa chini na wa juu. Itafute agave iliyopikwa: viazi vitamu vya kuchoma, asali, pilipili manga, maganda ya machungwa, majani mabichi kwa mbali. Hizo zikija kwanza, halafu vanila, karameli, mdalasini na karafuu za mwaloni zikafuata, mzeeshaji alijua kazi yake. Vanila ikitangulia na ikakaa peke yake kama keki, tia shaka. Harufu ya rangi ya kucha huashiria kwamba mkenekaji hakutupa vya kutosha sehemu ya kwanza inayotoka mtamboni. Harufu ya kitambaa kibichi kilichokaa au katoni iliyolowa huashiria kwamba alichelewa kukata sehemu ya mwisho.

5. Funda la kwanza liwe dogo sana, mililita 2 au 3, la kuuzoesha mdomo tu. Usilitolee hukumu. La pili, mililita 5, lizungushe mdomoni sekunde 10, meza kidogo au tema, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo penye kazi. Hesabu muda ambao ladha inabaki, na uangalie ni ladha gani inayobaki. Utamu uliotoka kwenye agave hufifia taratibu na kuacha pilipili. Ule wa kuongezwa huganda kwenye midomo, kisha hukatika ghafla. Ukakasi unaokausha fizi maana yake mbao zimezidi, na kosa hili ni la kawaida kwa extra añejo. Miaka mingi si lazima iwe bora. Mara nyingi añejo ya miezi 18 huishinda ya miaka 7.

6. Ongeza mililita 5 za maji yasiyo na harufu. Kwa tekila ya asilimia 40, zile mililita 25 zitashuka hadi asilimia 33 hivi. Iliyotengenezwa vizuri hufunguka, na matunda au maua hujitokeza. Iliyojengwa kwa viungio, yaani vitu vya kuongeza rangi, utamu au ladha, huporomoka ikabaki maji matamu.

7. Fanya jaribio la bilauri tatu. Mtu mwingine amimine bila wewe kuona: mbili ziwe na tekila moja, ya tatu iwe na nyingine ya daraja lile lile kwa nusu ya bei. Taja iliyo tofauti. Kwa kubahatisha utapatia mara 1 kati ya 3, kwa hiyo rudia mara tatu; kupatia zote kwa bahati ni 1 kati ya 27. Ukishindwa kuzitofautisha, bei umeshaijibu.

Hesabu ya bei

Tuchukue pipa linalopoteza asilimia 5 kwa mwaka kwa uvukizi. Baada ya miaka 3 hubaki asilimia 86 hivi, baada ya miaka 5 asilimia 77. Maana yake, lita moja ya miaka mitano ilianza ikiwa lita 1.3. Weka juu yake gharama ya pipa, ghala na mtaji uliolala. Ni vigumu sana kufika mara kumi ya bei ya blanco. Na hoja ya kwamba agave ilikua miaka 6 au 7 shambani haina uzito hapa, kwa kuwa agave hiyo hiyo imo kwenye blanco. Kinachosalia ni kioo cha kupulizwa kwa mkono, sanduku, matangazo na uchache. Anayevitaka avilipie, ila asiviite ladha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, viungio vinaruhusiwa hata kwenye 100% de agave?*
Ndiyo. Karameli ya rangi, dondoo ya mwaloni, gliserini na sharubati ya sukari huruhusiwa kwenye tekila iliyozeeshwa, na jumla yake isipozidi asilimia 1 ya uzito, si lazima vitajwe kwenye lebo. Paka tone kiganjani likauke: likinata, hilo ni dokezo, si ushahidi.

*Cristalino ni añejo halisi? Mbona ni nyeupe na ni ghali?*
Ni tekila iliyozeeshwa kisha ikachujwa kwa mkaa ili rangi itoke. Mkaa hauchagui, huondoa na sehemu ya harufu ulizolipia. Ipime kwa hatua zile zile; mara nyingi blanco nzuri itakuridhisha zaidi.

*Ndugu, chapa mbili zenye NOM moja, si kinywaji kile kile?*
Hapana. Kiwanda kimoja huweza kutengeneza chapa nyingi kwa oveni, hamira na mapipa tofauti. Ila ikiwa zinafanana na moja ni mara nne ya bei ya nyingine, zipeleke kwenye hatua ya 7.

*Barafu je?*
Wakati wa kupima, hapana. Baridi hufunga harufu. Ukishamaliza kupima, kunywa upendavyo.

*Ninayo extra añejo, nikiitunza itazidi kukomaa?*
Haikomai ndani ya kioo. Isimamishe wima, kwa sababu alkoholi kali hula kizibo cha gome, na uiepushe na jua. Ukishaifungua na ikabaki chini ya theluthi, ihamishie kwenye chupa ndogo iliyo safi na kavu, ujaze hadi shingoni.