Jiko la kauri la kuchomea nyama: kabla hujanunua, azima la bati

Wifi yangu alinipigia simu usiku, sauti chini chini kama mtu anayetaka kukopa. "Wifi, nimeliona jiko kama lile lenu la yai. Ninunue?" Nikamuuliza mwezi uliopita amechoma nyama mara ngapi. Kimya. Mwezi wa kabla yake? Akaangua kicheko. Nikamwambia asilipe hata senti ya kushikia mzigo, nitamwandikia nijuavyo. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyanyoosha kidogo.

Lile jiko ni mtungi mnene wa kauri wenye umbo la yai na kifuniko kizito chenye bawaba. Chini lina mlango mdogo wa kuingizia hewa, juu lina tundu la kutolea moshi, na ndani kuna bakuli la mkaa na wavu juu yake. Watengenezaji wengi huyaita kamado, neno la Kijapani lenye maana ya jiko tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani waliyapenda majiko ya udongo ya huko, wakaanza kurudi nayo kwao. Mwaka 1974 Mmarekani Ed Fisher akaanza kuyauza Atlanta, na biashara hiyo ndiyo kampuni ya leo ya Big Green Egg, yaani Yai Kubwa la Kijani. Yale ya mwanzo yalikuwa ya udongo wa kawaida, yakipasuka upesi. Kauri ya sasa ni ngumu zaidi, ingawa nayo haipendi kuangushwa.

Sifa ya jiko hili ni ukuta wake. Kauri nene haipotezi joto hovyo, kwa hiyo moto mdogo unatosha. Moto mdogo unataka hewa kidogo, na hewa ikipita kidogo nyama haikauki. Hapo ndipo fedha yako inapokwenda. Wanaosema nyama ya jiko la kauri ina ladha ya pekee wananichosha. Kipande chembamba kilichobanikwa dakika kumi juu ya makaa makali hakijui kama chini yake kuna kauri, bati au mawe matatu.

Kinachojua ni kipande kikubwa. Majuzi nilipika kidari cha ng'ombe cha kilo tano. Saa nne usiku nilijaza mkaa, nikawasha sehemu moja tu juu katikati, nikatupia vipande viwili vya mti mkavu kwa ajili ya moshi. Mshale wa saa ya joto iliyo kwenye kifuniko ulipogusa nyuzi 85 za Selsiasi nikaanza kufunga matundu kidogo kidogo, kwa sababu ukingoja mpaka ufike unakotaka umechelewa. Ulipotulia kwenye 115, mlango wa chini ulikuwa wazi upana wa kidole kidogo, na tundu la juu limebaki kama mwezi mwandamo. Nikaenda kulala. Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka na kanga begani: 112. Sikuwa nimeongeza hata kipande kimoja cha mkaa. Nyama yenyewe ilikuwa imekwama kwenye nyuzi 70, kama inavyofanya siku zote inapotoa jasho. Jasho likikauka linaipoza. Haikuhitaji moto zaidi, ilihitaji kuachwa. Ilipofika 94, kijiti kiliingia kama kwenye siagi.

Sasa ubaya wake, na ubaya huu unatokana na uzuri uleule. Ukuta unaotunza joto hautaki kuliachia. Mara ya kwanza nilifungua matundu yote, nikaingia ndani kukamua ndimu, nikajisahau na maongezi. Nilipotoka mshale ulikuwa 320, na mimi nilikuwa na samaki wa kuoka kwa 180. Joto likishapanda halizoleki. Nilifunga huku, nikafunga kule, ikapita saa nzima na zaidi, wageni wakamaliza mkate wote. Mume wangu, kwa kunihurumia, akaenda kufunua kifuniko kwa mkupuo ili "lipumue". Moto uliokuwa umenyimwa hewa ukaipata yote kwa pamoja, ukaruka juu, ukaondoka na nyusi zake. Kifuniko cha jiko lenye moto mkali kinainuliwa upana wa vidole viwili, unangoja kidogo, unarudia, kisha ndipo unafunua. Nyusi zimeota tena, ila moja imeota kwa kinyongo.

Ndiyo maana swali la kununua nalijibu kwa jaribio la siku moja. Azima jiko la bati la duara lenye kifuniko, lile la kawaida. Sukuma makaa yote upande mmoja, weka nyama nene upande wa pili, funika, uipike kwa muda wa saa nne au tano kwa joto la chini. Utakuwa unaongeza mkaa kila baada ya saa moja hivi, ukichezea matundu, ukifukuzana na upepo. Jioni jiulize kilichokuudhi ni nini. Kama umekipenda chakula lakini umechoshwa na kumlea yule moto kama mtoto mchanga, wewe ni mtu wa kauri, kanunue. Kama kilichokuudhi ni kusubiri kwenyewe, kauri haitakuponya, kwa sababu nayo itakusubirisha. Na kama hukuona shida yoyote, baki na bati, fedha itumie kwenye nyama.

Kuna watu ambao nawaambia hapana bila hata jaribio. Wa kwanza ni anayerudi kazini jioni na kutaka kula baada ya nusu saa. Jiko hili linataka dakika 30 mpaka 45 kutulia, na ukiliharakisha ndipo yanakuja ya samaki wangu. Mwingine ni mwenye ukoo wa watu arobaini kila sherehe. Saizi inayonunuliwa sana ina wavu wa kama sentimita 46: kuku wawili kwa raha, watatu kwa kubanana. Kwa umati, wavu mrefu ulio wazi unalishinda jiko hili. Halafu kuna anayehamahama. Jiko la saizi hiyo lina kilo 70 na kitu, na mengine yanapita hapo. Ngazi ni adui yake.

Mahali pa kuliweka pafikirie kabla ya rangi. Liwe nje, penye hewa, kwa sababu mkaa unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu na inaua. Banda la gari lenye mlango wazi si nje. Hata ukishafunga matundu na kwenda kulala, ndani bado mnafuka kwa saa kadhaa, kwa hiyo usilisogeze chumbani eti limezimwa. Usilikalishe moja kwa moja juu ya meza ya mbao pia, linataka miguu yake au bamba la jiwe chini. Na lifunike mvua ikija. Kauri yenyewe haina neno na maji, lakini maji yakiingia kwa juu yanakutana na majivu yanakuwa uji. Mwaka jana nililiacha limefungwa miezi miwili likiwa na unyevu, nikalikuta limeota ukungu mweupe kama sufi. Dawa yake ni kutupa mkaa wa zamani, kuwasha mpya na kuliacha liwake kwa nguvu mpaka ukungu uungue wote, kisha usugue wavu.

Mkaa wenyewe uwe wa vipande vya mti, vikubwa kwa vidogo. Briketi, yaani mkaa wa unga ulioshindiliwa, zinaacha majivu mengi yanayoziba matundu ya bakuli, na jiko linaloishi kwa hewa likizibwa linakufa katikati ya mapishi. Mafuta ya taa marufuku. Kauri inanyonya, na harufu utaila wiki tatu. Mimi nachovya karatasi ya jikoni kwenye mafuta ya kupikia, naisokota, naichomeka katikati ya mkaa, basi. Faida moja ambayo sikuitarajia ni kwamba ukifunga chini na juu moto unakufa, na mkaa uliobaki unausubiri upishi wa kesho. Jaza moja napikia mara mbili, wakati mwingine tatu kama ni kuku tu.

Tuseme umeamua. Dukani usianze na kifuniko kinavyong'aa. Ligonge kwa kifundo cha kidole pande zote kama unavyogonga chungu sokoni. Lililo zima litalia, lenye ufa litatoa sauti butu. Fungua na kufunga kifuniko mara kumi, uone kama bawaba zinakibeba au mkono wako ndio unaokibeba. Kisha chukua kipande cha karatasi, kibane kati ya kifuniko na mdomo wa jiko, ukivute. Kikigoma vizuri, hamisha kidogo, rudia, mpaka uzunguke lote. Kinapoteleza bila kushikwa, hewa itapita hapo, na hewa usiyoitawala ndiyo itakayokuamsha usiku. Ule mkanda unaozunguka mdomo wa jiko kuziba hewa unachakaa na hubadilishwa, kwa hiyo uliza kama unapatikana.

La mtumba si vibaya. Langu mimi ni la mtumba. Ufa kwenye bakuli la ndani la mkaa usikutishe sana, ni wa kawaida na mara nyingi jiko linaendelea kupika kama halikusikia kitu. Ufa kwenye mwili wenyewe au kwenye kifuniko, ondoka. Kumbuka pia kwamba dhamana ndefu zinazotangazwa kwa kawaida ni za mnunuzi wa kwanza, na kuangusha hakumo. Fundi aliyetubebea letu alilishika kwa bawaba. Kifuniko kikakatika pembe mlangoni petu, yeye akasema kilikuja hivyo. Tangu hapo nasema: toa kifuniko, toa vya ndani, beba kwa kukumbatia chini, watu wawili wasio na haraka.

Uliza tena kama ile sahani nene ya kauri ya kukinga moto imo ndani ya bei. Inakaa kati ya makaa na wavu, na ndiyo inayoligeuza jiko kuwa tanuri. Bila hiyo hakuna kidari cha usiku kucha, kuna nyama iliyoungua chini na mbichi juu. Wauzaji wengine huiuza kando, nawe unajua siku ya kwanza mkaa ukiwa umeshawaka.

Na ununue kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Saa iliyoko kwenye kifuniko inapima hewa ya juu, nyama haiijui. Hata hiyo usiiamini upofu. Ichomoe uitie ncha kwenye maji yanayochemka, isome karibu na 100, pungufu kidogo kama unakaa nyanda za juu. Ya kwangu ilisoma 88. Kumbe miezi yote ile nilikuwa napika kwa joto la juu kuliko nilivyodhani, nikilaumu mchinjaji.

Kuna pia majiko ya umbo hilohilo ya chuma chenye kuta mbili. Ni mepesi, hayapasuki na bei yake ni nafuu zaidi. Yanashika kutu, na joto hayalitunzi kwa ukaidi ule wa kauri, lakini kwa anayehamahama ningesema ayatazame kwanza.

Wifi ameazima bati letu la zamani. Jumamosi saa nane mchana akapiga: nyama bado, mkaa ameshaongeza mara nne, na kifuniko amekifunua mara tisa "kuangalia tu". Nikamwambia mara tisa ni nyingi, arudie wiki ijayo ndipo tuongee.