Kutengeneza kalibu ya faibaglasi kwa kutumia kava la saiti mira

Kalibu hunakili kila kitu: mchubuko, punje ya vumbi iliyoganda kwenye rangi, hata alama ya kidole iliyobaki kwenye nta. Ndiyo maana muda mwingi wa kazi hii unaishia kwenye maandalizi, na rezini inakuja mwishoni kabisa. Nimechagua kava la saiti mira kwa kuwa ni dogo lakini lina karibu kila ugumu utakaoukuta kwenye urembo mwingine wa gari: mviringo, kingo zilizojikunja kwa ndani na vishikizo. Ujue pia kwamba kalibu ya kava la kulia haitakupa la kushoto. Ukitaka yote mawili, andaa kalibu mbili.

Utahitaji jelikoti ya kalibu (rezini nzito yenye rangi inayokuwa uso wa kalibu), rezini ya poliesta, hadena (kigumishi cha rezini) aina ya MEKP, mkeka wa faibaglasi wa gramu 300 na wa gramu 450 kwa mita ya mraba, nta ya kalibu isiyo na silikoni, PVA (kimiminika kinachokauka kuwa ngozi nyembamba ya kuzuia rezini isishike), plastisini (udongo laini wa kufinyangia), misasa, brashi, rola ndogo ya chuma, asetoni na mizani inayosoma gramu moja moja. Fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha, ukivaa glovu, miwani na barakoa yenye vichungi vya mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa stairini, kemikali iliyomo kwenye rezini. Miwani usiivue kabisa unaposhika hadena, maana tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona. Na kama rezini yako inakuja na kobalti (kiharakishi cha kugandisha rezini) pembeni, usiichanganye moja kwa moja na hadena, kwani mchanganyiko huo huwaka au kulipuka.

Hatua ya 1: Tengeneza uso wa kava

Osha kava, ondoa mafuta yote, kisha ziba mikwaruzo kwa bodifila. Makava mengi ni ya plastiki ya ABS, na stairini iliyomo kwenye rezini huiyeyusha plastiki hiyo. Kwa hiyo plastiki tupu isiguse rezini. Piga praima na rangi ya kuchanganywa na hadena, uiache ikauke kabisa kwa siku kadhaa. Rangi za kopo za kawaida ni hatari hapa, kwani hukunjamana chini ya jelikoti na kuondoka na kazi yako yote.

Piga msasa wa maji namba 400, 800, 1200 na 2000, kisha ng'arisha. Angalia chini ya taa iliyowekwa ubavuni, maana mwanga wa juu huficha mabonde. Isipokuwa kama kava lina nakshi ya ngozi: hapo usipige msasa kabisa, na nta ipake nyembamba isije ikajaza vinyweleo.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu zitakazong'ang'ania

Weka kava mezani, fumba jicho moja, tazama kutoka juu kabisa, upande ambao kalibu itavutwa. Ukingo wowote unaojificha chini ya mwili wa kava utaifunga kalibu isitoke. Kwa kava la saiti mira, mara nyingi ni ule unaozunguka kwenda kwenye kioo. Una njia mbili: kuujaza mkunjo kwa plastisini na kuupoteza, au kugawa kalibu vipande viwili. Mimi hugawa kila ninapoona ukingo huo utaonekana gari likiwa limefungwa kava jipya. Kama unafichwa na fremu ya kioo, plastisini inatosha. Ziba pia matundu na nafasi za vishikizo. Hivyo utavibandika baadaye kwenye kava jipya.

Hatua ya 3: Jenga flanji

Hapa usiharakishe. Flanji ni ukuta unaozunguka kava, wenye upana wa sentimita 5 hivi, na ndio unaoipa kalibu ugumu na kukuonyesha mahali pa kukata kava jipya. Kata ubao laini wa melamini au shiti ya plastiki ufuate umbo la kava, uushikize kwa gundi ya moto kwa upande wa nyuma. Nafasi inayobaki kati ya ubao na kava ijaze plastisini, kisha ikwangue kwa kijiti chenye ncha ya mraba hadi pembe iwe kali ya nyuzi 90. Pembe ya mviringo hapa itakupa kava lenye ukingo mnene usiojulikana unaishia wapi.

Kwa kalibu ya vipande viwili, simamisha ukuta kama huo kwenye mstari wa mgawanyo na ubandike vinundu vichache vya plastisini vya nusu duara. Vitaacha mashimo kwenye kipande cha kwanza. Cha pili kitajaa humo na viwili vitakutana palepale kila mara.

Hatua ya 4: Nta na PVA

Paka nta tabaka nyembamba, ing'arishe, subiri karibu saa moja, rudia. Kwa kalibu mpya usipungue tabaka tano, flanji ikiwemo. Kisha nyunyiza PVA kidogo kidogo hadi ifanye ngozi nyembamba inayong'aa, uiache ikauke.

Hatua ya 5: Jelikoti

Chagua rangi isiyofanana na ile ya makava utakayotoa, uweze kuona sehemu zilizopakwa hafifu. Pima kwa mizani: asilimia 2 ya hadena ni gramu 4 kwa gramu 200 za jelikoti. Koroga polepole bila kuingiza hewa. Paka mara mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza, hadi upate unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Ikiwa nyembamba sana, stairini ya rezini itapenya na kuikunja kama ngozi ya mamba.

Gusa kwenye flanji. Ikinata bila kuacha rangi kwenye glovu, ni wakati wa mkeka.

Hatua ya 6: Mkeka

Jaza kwanza pembe kali kwa rezini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa, kwani mkeka haukunjiki humo na huacha povu la hewa. Tabaka la kwanza ni mkeka wa gramu 300, uliochanwa kwa mkono ili kingo zake ziungane vizuri. Toa hewa yote kwa rola. Liache usiku kucha. Tabaka za gramu 450 zifuate, mbili tu kwa wakati mmoja, maana nyingi kwa pamoja hupata joto kali na kuipinda kalibu. Unene wa mwisho uwe mara mbili au tatu ya ule wa kava.

Kipande cha kwanza kikikauka, ondoa ukuta na plastisini, paka flanji yake nta na PVA, jenga cha pili. Toboa matundu ya bolti kupitia flanji zote mbili kabla hujazitenganisha.

Hatua ya 7: Kufungua

Iache kalibu ikae na kava kwa siku kadhaa. Ingiza kabari za plastiki au mbao kuzunguka ukingo, kidogo kila upande. Bisibisi itakwangua jelikoti. Ikigoma, mimina maji ya uvuguvugu, yatayeyusha PVA. Osha, ziba vitundu vidogo, ng'arisha kwa msasa 1200 na 2000, upake nta upya tabaka kadhaa kabla ya kava la kwanza. Makava machache ya mwanzo yatoe kwa PVA pia. Wakati huitumii, ihifadhi ikiwa imefungwa kwa bolti zake, kava moja likiwa ndani, isije ikapinda.