Kuchagua na Kupanda Miche ya Uani Mwanzoni mwa Masika

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na visiwani, mvua za masika hutarajiwa kati ya Machi na Mei, na wauza miche hulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Kabla hata wingu la kwanza halijatanda, viriba vyeusi, yaani mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, vya miembe, michungwa, mipapai na maua huwa vimekwisha kupangwa kando ya barabara. Mpita njia husimama, akachagua mche mrefu kupita yote, ikiwezekana wenye kiembe kinachoning'inia, akaupakia kwenye bajaji, kisha akifika nyumbani ndipo huanza kuuliza utapandwa wapi. Utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Mahali hutangulia, shimo hufuata, na mche hununuliwa mwisho. Na mche wenyewe hupimwa kwa kilichofichwa ndani ya kiriba kabla ya majani yanayoonekana.

Kwanza neno kuhusu majira, kwa sababu ushauri huu hautumiki kila mahali kwa tarehe zilezile. Wakazi wa Dodoma, Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma hupata mvua za msimu mmoja, ambazo kwa kawaida huanza Novemba, na kazi zote zinazoelezwa hapa wazifanye wakati huo. Kwa watu wa pwani, vuli pia hufaa kupandia, ila baada yake huja jua la Januari na Februari pamoja na upepo wa kaskazi, na mwenye mche atabeba ndoo za maji kila jioni. Mche wa masika hupata miezi miwili au mitatu ya unyevu, kisha ubaridi wa Juni na Julai, na unapokutana na joto la mwisho wa mwaka huwa umekwisha kushika ardhi. Hata hivyo, mvua ya kwanza isimdanganye mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu mapema, nao unafaa kufuatiliwa, lakini kipimo cha mwisho ni jembe: udongo ukichimbwa na kukutwa umelowa hadi kina cha mkono, wakati umefika.

Kuhusu mahali, kosa la kawaida ni kuutazama mche kwa ukubwa wake wa leo. Mwembe au mfenesi huhitaji mita 8 hadi 10 kutoka mti mkubwa mwingine, mchungwa mita 5 au 6, na mpapai mita 3 hivi. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukishaondoa nyumba, karo la maji machafu na njia ya gari, kwa kweli kuna nafasi ya mwembe mmoja tu, na huo nao usikae chini ya mita 6 kutoka msingi wa nyumba au karo. Mwenye ua mdogo asihuzunike: mndimu, mpera, mkomamanga na mstafeli huridhika na nafasi ya kiasi, na asumini iliyopandwa karibu na dirisha la chumba cha kulala hulipa gharama yake kila usiku.

Kabla ya kuamua, upimeni udongo kwa maji. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena. Iwapo kesho yake maji bado yamesimama, hapo papai na parachichi hazitafaa, kwa kuwa mizizi yake huoza upesi mahali penye maji yaliyotuama. Ama utafute sehemu nyingine, ama uinue tuta la sentimita 30 hadi 40 na kupanda juu yake. Udongo wa kichanga una tatizo la kinyume, maji hupita kama kwenye chujio, na dawa yake ni mboji nyingi na matandazo.

Aina ya mti nayo huchaguliwa kwa kuangalia mahali. Kila masika naona watu wa Dar es Salaam wakinunua parachichi aina ya Hass kwa sababu wamesikia habari za faida yake, ilhali huo ni mti wa nyanda za juu, unaostawi Njombe, Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro. Pwani, parachichi za matunda makubwa yenye ganda laini hustahimili joto vizuri zaidi. Plamu na peasi za Lushoto nazo ziachwe Lushoto. Miembe ndiyo iliyo nyumbani pwani, na uamuzi kati ya Dodo, Boribo, Apple na Kent ni wa kinywa cha mwenye nyumba. Mimi nitaitetea Dodo mbele ya baraza lolote.

Sasa tuingie kitaluni. Kwa miti ya matunda, nunueni miche ya kubebeshwa, yaani ile ambayo kikonyo cha mti unaojulikana kimeunganishwa juu ya shina lililooteshwa kwa mbegu. Mwembe wa kubebeshwa unaweza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa mbegu mara nyingi husubiriwa mara mbili ya muda huo. Pitisha kidole kwenye kiungo. Kinapaswa kuwa kimefunga kabisa, gome la juu likiwa limeungana na la chini bila ufa, na kikonyo kiwe kimetoa majani mapya walau mara mbili. Ikiwa majani ya juu ya mwembe bado ni laini na yana wekundu wa shaba, usiuhamishe. Rudi baada ya wiki mbili au tatu, yakiwa yamekomaa na kuwa kijani.

Baada ya hapo, inua kiriba. Kikiinuka bila ubishi, vema. Kikigoma, maana yake mzizi mkuu umetoboa chini na kuingia ardhini, na muuzaji akikivuta kwa nguvu utasikia mlio wa mzizi ukikatika. Mche wa namna hiyo huondoka kitaluni ukiwa na majani mazuri, na hunyauka siku ya tatu. Ukiruhusiwa, chana kidogo ubavu wa kiriba na kutazama ndani: mizizi myembamba yenye ncha nyeupe ni dalili njema, lakini mizizi minene iliyojizungusha ni mche uliokaa kifungoni muda mrefu mno. Mwembe wangu wa kwanza niliununua kwa sababu ulinipita kimo. Ulikua, ukachanua, na mwaka wa nne upepo wa kusi ukaulaza chini. Tulipoutazama, mizizi ilikuwa bado imejiviringa kwa umbo la kiriba, kama ukili uliokunjwa. Tangu siku hiyo nanunua mche unaofika magotini, wenye shina la unene wa penseli, na mara nyingi huwa wa bei nafuu pia.

Geuza majani na kuangalia upande wa chini, ambako wadudu weupe kama pamba na magamba madogo ya kahawia hujificha. Tazama pia udongo uliomo ndani ya kiriba. Kijani chembamba kinachochungulia pembeni mwa shina kinaweza kuwa gugu sugu liitwalo ndago, na aliyewahi kuingiza ndago bustanini mwake anajua kwamba atang'oa hadi achoke, kwani kila kokwa linalobaki ardhini huota upya.

Shimo lichimbwe wiki tatu au nne kabla ya kupanda, upana na kina vikiwa sentimita 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, kwa maana rutuba iko juu. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni, na uache ushuke wenyewe. Samadi mbichi huunguza mizizi. Namna rahisi ya kuijaribu ni kulowesha kiasi chake, kukifunga ndani ya mfuko na kuuacha siku mbili. Ukitia mkono na kuhisi joto, au pua ikachomwa na harufu kali, bado haijawa tayari. Mbolea ya kuku iogopwe zaidi, na itumike kwa kipimo kidogo.

Miche mingi hulelewa chini ya kivuli, hivyo ikifika nyumbani iwekwe kwanza chini ya mti, na kwa muda wa wiki moja isogezwe juani polepole. Panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kiriba siku iliyotangulia ili udongo ushikamane, kata kitako chake kwa wembe, ingiza shimoni, kisha pasua ubavu na kuvuta nailoni yote nje. Wapo wanaopanda pamoja na nailoni wakiamini kwamba itaoza. Haiozi. Usawa wa udongo wa kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi au juu yake kidogo, kwa sababu shimo jipya huendelea kushuka, na kiungo cha kubebeshea kisifukiwe kamwe. Shindilia kwa viganja badala ya kisigino, mimina maji ndoo moja hata kama mvua inanyesha, maana maji ndiyo yanayoziba mapengo ya hewa kandokando ya mizizi, kisha uufunge mche kwa ulegevu kwenye kijiti.

Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba yaenee mita moja kuzunguka mche, lakini yaache upana wa kiganja wazi karibu na shina. Yakigusana nalo, mchwa hupata njia ya siri. Kuku na mbuzi wazuiwe kwa uzio wa miiba siku ileile, wala si kesho. Mipapai hupandwa mitatu katika shimo moja, na inapotoa maua ndipo ya kiume yenye vishada virefu hukatwa ukabaki mmoja unaozaa.

Utepe wa nailoni ulio kwenye kiungo ukatwe shina linapoanza kunenepa, la sivyo utalikaba. Machipukizi yanayotokea chini ya kiungo yang'olewe kila yanapoonekana, hata yakiwa na nguvu na kupendeza macho, kwa kuwa hayo ni ya mti wa mbegu, na yakiachwa hukishinda kikonyo kilicholipiwa. Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yakatwe yote, pamoja na kile kiembe kilichomvutia mnunuzi barabarani.